Upepo ukaezua paa, hakuna aliyekuja: watu wa Kusini tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa Kitangari kwa mama mdogo. Turubai bado liko juu ya jiko, jua limeshalipausha. Upepo ule wa masika ya mwanzo ulipita usiku kama dakika ishirini hivi, ukaondoka na bati za upande mzima pamoja na kenchi zake. Asubuhi mtendaji akaja na daftari, akaandika majina, akapiga picha mbili kwa simu, akasema taarifa inapelekwa wilayani. Tangu hapo ni kimya.

Kilichoniuma zaidi ni mikorosho. Kumi na moja ililala chini, na daftari halikuwa na sehemu ya kuandika miti. Bati utapiga mwezi huohuo ukipata hela. Mkorosho ukiupanda leo, unakaa miaka mitano, sita, ndipo uone mzigo wa maana. Na wiki hiyohiyo kila nikiwasha redio nasikia Jangwani, Dar, kumejaa maji, mwendokasi umesimama. Sikatai, Jangwani nako kuna watu. Ila nauliza, nyie wenzangu yaliwakuta yapi? Nani alikuja, nani hakuja, na mlifanyaje?

Binti wa Mikindani

Mimi nitasimulia kinyume chake, walivyokuja wengi na kimbunga kisije.

Aprili 2019, Kenneth. Nilikuwa napika kwenye gesti moja hapa Mtwara mjini. Gari la matangazo linapita, shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, watu wa mabondeni wanaambiwa wahame. Gesti tulikuwa na waandishi wanne, wanashinda ufukweni na kamera zao wakisubiri. Tukafunga mapaa kwa kamba, tukaweka mawe juu ya bati, tukasoma dua. Tarehe 25 kikapiga kusini yetu, Cabo Delgado ya Msumbiji. Huku tulipata mvua na bahari kuchafuka, basi. Kesho yake wale kaka wakaomba chai mapema, wakapanda basi la kurudi Dar.

Sasa wifi yangu ameolewa Macomia, na huko ndiko kilikopiga haswa. Simu haipatikani. Kwenye taarifa ya habari naona Mtwara iliyosalimika, Macomia siioni. Habari zake tulizipata wiki ya tatu, kwa mtu aliyevuka Ruvuma kwa mtumbwi pale Kilambo: nyumba imekwenda, wao wazima. Na Msumbiji ilikuwa imetoka kupigwa na kimbunga Idai kule Beira mwezi mmoja na siku kadhaa nyuma. Nadhani dunia ilishachoka kuwaonea huruma.

Desemba 2024 ikawa vilevile. Kimbunga Chido kilipiga Mayotte, kisiwa cha Ufaransa, tarehe 14, kesho yake kikaingia Mecúfi, kusini ya Pemba ile ya Msumbiji. Rais wa Ufaransa akaenda Mayotte, na runinga zote huko. Mecúfi nako walikufa watu wengi, ila nchi yao ilikuwa kwenye vurugu za uchaguzi, nani awasikie? Mimi sifuatilii siasa, nahesabu tu dakika za taarifa ya habari.

Utingo Mstaafu

Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Kilitua Mafia tarehe 4, mvua yake ikaikata barabara ya Kilwa pale Somanga na Mikereng'ende. Nilikuwa na lori la vitunguu, upande wa Dar.

Msiseme Kusini hatukupata viongozi, kaka. Walikuja! Waziri wa Ujenzi alikuwepo palepale, mitambo usiku na mchana, mawe yanamwagwa. Na ilikuwa lazima, maana ukikosa njia ile, uzunguke Morogoro, Iringa, Songea, Tunduru, Masasi, karibu mara tatu ya safari. Mtwara bidhaa zilipanda siku hizohizo.

Lakini nilikaa pale siku nne, nikaona jambo. Kamera zote zinatazama shimo la barabara. Hatua kama mia mbili kando kuna mama tuliyekuwa tunanunua kwake uji, nyumba yake ya udongo imeyeyuka ukuta wa nyuma, analala kwa jirani. Hakuna aliyegeuza kamera. Barabara ikapitika, sote tukaondoka, na mimi nikiwemo. Aprili 2025 pakakatika tena. Nilipopita sikumkuta, na sikuuliza.

Mjukuu wa Lindi

Shikamoo mzee Utingo. Bibi yangu alikuwa hasemi miaka, anasema "kabla ya tufani" na "baada ya tufani". Watoto wake wote umri wao aliuhesabu hivyo. Mimi nilidhani ni hadithi za wazee mpaka nikasoma kwamba kweli, Aprili 15, 1952, kimbunga kiliingia Lindi, mji ukavunjwa na watu wakafa. Uliza vijana wa sasa hapa Lindi kama wanajua. Shuleni sikufundishwa hata mstari mmoja.

Sauti ya Kijijini

Niwape ya upande wa pili, mimi niko redio jamii. Napiga simu Dar kwa mhariri: "Upepo umeezua nyumba arobaini na darasa." Swali la kwanza: wamekufa wangapi? Nikisema hakuna, Mungu ameepusha, ananiambia nitume aya mbili. Video ipo? Intaneti ya kule haipandishi. Mafuta ya pikipiki ni ya mfukoni kwangu.

Maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 2023, Rais alikatisha safari yake ya Dubai, nchi nzima ikachangia. Ilistahili, walikufa zaidi ya 80. Upepo wetu hauui kwa mkupuo. Unaezua nyumba tatu hapa, tano kule, na kila kijiji kinadhani kimepigwa peke yake.

Ushauri wangu: msisubiri mtendaji. Piga picha asubuhi hiyohiyo kabla hujaokota bati, zioneshe nyumba nzima na jirani. Orodha iandikwe nakala mbili, ya pili ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kijiji. Miti nayo iandikeni, hata kama fomu haiulizi.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Dada wa Mikindani, poleni na wifi. Sauti, hilo la muhuri hatukulijua, orodha ya Kitangari ilikwenda moja na ndiyo hiyohiyo. Jumamosi narudi, nitapita na mama mdogo shambani tuhesabu visiki. Visiki vipo, tumechoma matawi tu.

Wa Nanyumbu na Liwale mbona kimya? Najua nanyi yamewakuta.