Tupeane uzoefu: gari inazima ukipunguza mwendo

Jambo wote wa Bukavu. Gari inatembea vizuri, unakaribia Feu Rouge, unaachia mafuta, kimya. Usukani unakuwa mzito, na breki inakubakishia mkanyago mmoja au miwili kabla pedali haijagoma. Kwa miteremko yetu hii, hapana mchezo. Waliopitia waseme ilikuwa inazima wakati gani hasa, na dawa ilikuwa nini. Mambo ya "nilibadilisha bugi (plagi) ikapona" yametuchosha.

Naanza mimi. Yangu ilizima nikiachia mafuta tu, hata bila breki. Tukatoa mpira mkubwa wa hewa: papiyo (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini) ilikuwa na pete nyeusi ya masizi ukingoni. Ikijifunga, ile hewa kidogo ya ralanti (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) inakosa pa kupita. Dawa ya kusafishia karbureta, kitambaa, basi. Mwanzoni ralanti ilipanda juu, kompyuta ilipozoea ikatulia kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika.

Dereva wa taksi, Panzi
Papa, yangu ilikuwa inangoja breki. Nikiachia mafuta inanguruma sawasawa, nikigusa breki inatetemeka na kufa. Ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda servo ya breki (kile chombo kinachofanya pedali iwe nyepesi) ulikuwa umepasuka upande wa chini, pale klipu inapoubana, hauonekani mpaka uupinde. Kabla ya kununua kitu: zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo, washa. Ikishuka kidogo, servo inavuta. Ikikaa palepale, tafuta mpira huo au servo yenyewe.

Mama wa Nguba
Yangu ni otomatiki. Niliambiwa pampu ya mafuta, dola nilikuwa nimeshazihesabu! Kijana wa garaji ya jirani akasema: "Mama, ukikaribia kusimama, weka N, gia huru." Haikuzima. Kumbe klachi ya ndani ya boksi ilikuwa haiachii, sawa na kusimamisha gari ya manueli bila kukanyaga ambreyaji (pedali ya klachi). Ilikuwa solenoidi (kivali cha umeme kinachoongoza klachi hiyo), na mafuta ya boksi yalikuwa meusi kabisa. Jaribuni mahali tambarare, siyo kwenye mteremko.

Wa barabara ya Uvira
Sisi wa karbureta mmetusahau. Ukirekebisha ralanti Uvira, kwenye mita 770 na kitu juu ya bahari, ukapanda huku karibu 1,500, hewa imekuwa nyepesi na petroli imezidi. Moshi mweusi, kukohoa, unapunguza mwendo inakufa. Kuongeza mafuta kwa mguu kila saa ni kujidanganya. Geuza visi (skrubu) ya mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye karbureta, robo mzunguko, sikiliza, robo tena. Ukishuka, irudishe.

Mgeni hapa
Aksanti sana. Mimi breki haina neno, papiyo imesafishwa. Inazima nikizungusha usukani mpaka mwisho, polepole, nikipaki.

Dereva wa taksi, Panzi
Ndugu, pampu ya usukani inaielemea injini. Kwa gari nyingi kuna kiswichi kidogo juu ya pampu kinachoiambia kompyuta ipandishe ralanti. Angalia soketi yake kama waya haujachomoka au kuloa oili. Halafu tuambie.