Sridevi kwenye grupu la ukoo

Salma: Asalaam aleykum wote. Jana usiku nimeangalia picha ya English Vinglish na mama, ile pale Sridevi, yule mwigizaji wa India, anaingia mkahawani New York kuagiza kahawa Kiingereza kinamshinda, dada wa kaunta anamfokea na nyuma watu wamejipanga, anatoka mbio mpaka nje analia. Jamani tumelia naye 😭 Huyu alianza lini kuigiza?

Kaka Hamadi: Waaleykum salaam. Himmatwala, 1983, na Jeetendra

Shangazi Rukia: Hamadi hapana baba. Hiyo ilimfungulia mlango wa Bombay tu, kwenye picha za Kihindi. Kaanza bado mtoto mdogo, kwenye Thunaivan, picha ya Kitamil ya 1969, ana miaka 5 tu kacheza Murugan, yule mungu wao, yani mtoto wa kike kacheza wa kiume na haikuonekana ajabu. Akaendelea hivohivo na Kitelugu, Kimalayalam, 1971 akapata tuzo ya jimbo la Kerala ya mwigizaji bora mtoto kwa Poombatta

Salma: Miaka 5!! 😳

Shangazi Rukia: Ndo hivo mwanangu. Na 1976 ana miaka 13 tu wakamfanya steringi kwenye Moondru Mudichu, yuko na waigizaji Rajinikanth na Kamal Haasan, humo Rajini ndo adui anamtaka kwa nguvu, yeye akaenda kuolewa na baba yake Rajini akarudi pale nyumbani kama mama wa kambo. Mtoto wa miaka 13 anabeba uzito huo!

Mjomba Athumani: Sisi tulimjua kwa Nagina, ile picha aliyocheza mwanamke nyoka, yale macho ya nyoka mpaka leo nayaona 🐍

Shangazi Rukia: Kaka macho yale hayakuja bure. Kihindi alikuwa hakijui vizuri, picha nyingi za mwanzo Bombay sauti waliingiza watu wengine, kwenye Aakhree Raasta ya 1986 ile sauti ni ya Rekha. Yake mwenyewe kwa Kihindi mmekuja kuisikia Chandni, 1989. Sasa mtu kanyang'anywa sauti afanyeje? Kila kitu kakiweka usoni

Kaka Hamadi: Lakini shangazi kilichompandisha ni dansi, tuseme kweli

Shangazi Rukia: Dansi ilimpa jina sikatai. Ila mwaka huohuo wa Himmatwala katoa Sadma. Msichana anapata ajali akili inarudi utotoni, mwalimu anamtunza mpaka anapona, na akipona hamkumbuki tena. Tazama mwisho pale stesheni, Kamal Haasan anachechemea kwenye tope, kajiweka chungu kichwani anaruka kama nyani ili amkumbuke, watu wote wanamwangalia Kamal. We mwangalie Sridevi dirishani. Anamtazama tu kama mtu anavyomtazama kichaa wa njiani, basi, na treni inaondoka. Angeweka hata chembe ya kumkumbuka pale picha yote ingeharibika

Mama Salma: 💔 ile siwezi kuiangalia tena

Shangazi Rukia: Na mnajua kilichoniuma? Ile Sadma asili yake Moondram Pirai ya Kitamil, haohao wawili. Kamal akapewa tuzo ya taifa, yeye wakamwacha. Akaja akapumzika baada ya Judaai, 1997, akalea wanawe, miaka 15 ndo akarudi na hiyo English Vinglish, halafu Mom, 2017. Tuzo ya taifa wakampa kwa hiyo Mom na yeye keshafariki Dubai, Februari 2018. Tangu Thunaivan karibu miaka 50! Walikuwa wapi?

Mjomba Athumani: Hapo umesema kweli Rukia

Salma: Mimi Mom sijaiona shangazi

Shangazi Rukia: Ninayo kwenye flashi. Ni nzito, mtoto wake wa kambo anabakwa mahakama inawaachia waliofanya, mama anaingia kazini mwenyewe. Wadogo wasikae. Njoo Ijumaa baada ya Isha, na mama yako aje

Mama Salma: Inshallah, ntakuja na kashata