Naombeni ushauri: niko Saudia, kazi za ndani. Nihame nyumba?

Nyota_Riyadh: Wapendwa, madam hanipigi na mshahara haukosi, ila sipumziki. Ramadhani hii wanaamka alasiri, wanakula usiku kucha. Nikimaliza sufuria za daku, mtoto mchanga anaamka. Kuna nyumba nyingine wananitaka, hela nzuri. Niende?

MamaWawili: Pole mdogo wangu. Mimi Jeddah nilikunja sambusa mpaka nikaziota! Jifunze Kiarabu. Siku nilipoanza kumjibu madam kwa lugha yake, makelele yalipungua.

Kijana_Kisauni: Mkiambiwa muolewe hamsikii.

Mkongwe: Wewe, karo za watoto wao utalipa? Nyota, hiyo nyumba umeipataje? Kafili wako, mwajiri aliyekuleta, anajua?

Nyota_Riyadh: Hajui. Kuna dada anapanga.

Mkongwe: Yaani unaenda kemboi, unamtoroka kafili. Sema tu.

Nyota_Riyadh: Ndiyo. Begi langu nimeshampa nilipotoka kutupa taka. Lakini si mimi wa kwanza, na mshahara ni mara mbili. Mkataba wenyewe unaisha mwezi mmoja baada ya Idi.

Mkongwe: Mwezi mmoja tu! Ukitoroka, kafili anaripoti huroob, yaani kwamba umetoroka, iqama (kibali chako cha kuishi) haina kazi tena, unaweza kukamatwa, na tikiti ya kurudi sahau. Huko uendako wakikunyima mshahara utamshtaki nani?

Baraka_T: Si sheria ilibadilika 2021, mtu anahama bila ruhusa ya kafili?

Mkongwe: Mageuzi yale hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani. Usimpoteze mwenzio.

Jicho_Pevu: Mnachezewa. "Nyumba nyingine, hela nzuri"? Huyu ni wakala anavua wasichana humu. Asiyelala anapata wapi muda wa kufungua uzi?

Nyota_Riyadh: Mimi si wakala! Naandikia chumba cha kupigia pasi, ndimo ninamolala. Kanzu za mzee zimening'inia juu ya godoro langu, zinanuka udi. Mtoto akilia nazima simu.

MamaWawili: Huyo ni wa kweli. Hata mimi nililala chumba cha pasi.

Mkongwe: Nyota, mwambie huyo dada akurudishie begi kwanza. Uone atasemaje.

Nyota_Riyadh: Nimemwandikia. Anasema nitalikuta hukohuko, na nisimwambie mtu.

Mkongwe: Basi usitoke. Begi liache liende. Njoo inboksi na nakala ya mkataba, tuone tarehe ya kuisha na nani analipa tikiti, umwambie madam mapema kwamba huongezi.