Programu yenye orodha ndefu: tuifunge wima au tuiache izunguke?

Mwanzisha mada

Wadau, naleta hoja iliyotugawa kazini. Tuna programu ya Android yenye orodha ndefu ya bidhaa. Mteja anashuka mpaka karibu na mwisho, analaza simu ili aone picha vizuri, orodha inaruka juu kabisa. Kikaoni wengi walitaka tuongeze mstari mmoja kwenye manifesti (faili la maelezo ya programu), screenOrientation iwe portrait, yaani wima daima, tuendelee na mengine. Napinga, na naomba hoja zenu.

Simu ikigeuzwa, Android kwa kawaida huua aktiviti (skrini ya programu) iliyopo na kuunda mpya, ili ichukue mpangilio unaofaa umbo jipya la skrini. RecyclerView, sehemu ya Android inayoonyesha orodha, ikiwa na id (jina lake la utambulisho), huhifadhi yenyewe mahali mtu alipofika. Shida ni kwamba aktiviti mpya inachorwa wakati bidhaa bado zinasubiriwa kutoka kwenye seva. Orodha ni tupu, hakuna mstari wa kurudia, na kumbukumbu ya mahali inatupwa hapo hapo. Bidhaa zikifika, mtu anaanzia juu.

Kufunga skrini wima hakugusi chanzo hicho hata kidogo. Aktiviti huuawa vilevile mtu akibadilisha lugha ya simu, akikuza maandishi, akiwasha mandhari meusi. Na zingatieni simu zinazotumiwa na wateja wetu, zenye RAM ya GB 2. Mtu anatoka kusoma SMS ya malipo, anajibu ujumbe wa WhatsApp, akirudi mfumo umeshaua mchakato mzima ili kupata nafasi. Orodha iko juu, na simu haikulazwa hata mara moja. Tutafunga nini hapo?

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, nakubali maelezo yote ya kiufundi lakini hukumu yako siikubali. Mimi hujenga programu za maduka na za mawakala wa malipo. Wakala ameshika simu kwa mkono mmoja, mwingine unahesabu pesa. Halazi simu. Ikijilaza yenyewe kwa sababu ameiweka kaunta vibaya, anakasirika.

Halafu tazama orodha yenyewe ikiwa imelala. Toa kichwa cha juu, toa menyu ya chini, unabakiwa na safu mbili au tatu. Sehemu ya kutafuta ikifunguliwa, kibodi inameza zilizobaki. Kufanya mlalo uwe mzuri ni kubuni skrini ya pili kabisa, labda orodha kushoto na maelezo kulia, na kila toleo kulijaribu pande zote mbili. Nani analipia? Mteja wangu hakuomba hiyo kazi, na sioni haki ya kumtoza. Bora skrini moja iliyo imara kuliko mbili zinazoyumba.

Mchangiaji, Mwanza

Kwani configChanges mmeisahau, ile ya manifesti inayotaja mabadiliko yasiyoua aktiviti? Andika orientation pamoja na screenSize, aktiviti haiuawi tena, orodha inabaki ilipo. Mlalo unapatikana na kazi haiongezeki.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Mwanza, hiyo inazuia kuuawa kwa kugeuzwa tu. Ile ya RAM iko pale pale, na mpangilio wa mlalo ukiwa na faili lake, sasa ni juu yako kuupakia kwa mkono. Hata ViewModel, sehemu ya kushikia data ya skrini, ambayo Google waliitoa 2017 na watu huitaja kama dawa ya kila kitu, hubakiza data simu ikigeuzwa, lakini mchakato ukiuawa nayo inakufa. Bila hifadhidata, kinachovuka kifo hicho ni kile kidogo ulichoweka kwenye hali iliyohifadhiwa, kifurushi ambacho Android hukutunzia. Kidogo kweli: ukijaribu kusukuma orodha nzima humo utagonga ukomo wa takriban MB 1 na programu itaanguka.

Ninachopendekeza ni hiki. Orodha ikae kwenye hifadhidata ya simuni, si kwenye kumbukumbu tu. Hifadhi kitambulisho cha bidhaa iliyokuwa juu ya skrini. Kisha mwambie adapta, anayeipa orodha bidhaa zake, asirudishe mahali mpaka data ifike. RecyclerView toleo 1.2 ina PREVENT_WHEN_EMPTY kwa kazi hiyo.

Nasisitiza kitambulisho, si pikseli. Simu ikilala maandishi yanajipanga upya na urefu wa kila safu unabadilika, kwa hiyo umbali uleule unakupeleka kwenye bidhaa nyingine. Wa iPhone wanalijua hili vizuri: kwao skrini haiuawi ikigeuzwa, lakini anayetegemea contentOffset (umbali wa pikseli kutoka juu) peke yake anaweza kujikuta mahali tofauti.

Mchangiaji, Hamburg

Naona mnajadili kana kwamba kulaza simu ni suala la mtu anavyopenda. Mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu na simu yake imefungwa kwenye mkono wa kiti, imelala. Hawezi kuigeuza. Programu iliyofungwa wima anaisoma shingo imepinda, akichoka anaifuta.

Mwongozo wa WCAG 2.1, wa kufanya tovuti na programu zitumike na wenye ulemavu, uliotoka Juni 2018, kipengele 1.3.4, unasema wazi: usilazimishe mwelekeo mmoja isipokuwa kazi yenyewe inaudai, kama piano au picha ya hundi ya benki. Orodha ya bidhaa haimo. Huku Ulaya sheria ya ufikivu kwa wenye ulemavu imeanza kutumika tangu tarehe 28 Juni 2025 na biashara za mtandaoni zimo ndani yake. Ndugu wa Mombasa, mteja wako akianza kuuza huku, hiyo kazi ambayo hakuiomba itadaiwa.

Mchangiaji, Mombasa

Dada, hilo la mdogo wako limenigusa na sina jibu la kulipinga. Basi nikubali hivi: mlalo usiozuiliwa, hata kama haukupambwa. Safu zilezile, zimenyooshwa tu, na kichwa cha juu kijifiche mtu anaposhuka. Ila kwa skrini ya wakala, ile ya kuhesabu pesa, bado natetea wima, na swichi kwenye mipangilio kwa anayehitaji vingine.

Mwanzisha mada

Swichi naiafiki, mradi ionekane kabla mtu hajaingia kwenye akaunti. Lakini jua kuwa kwenye tableti uamuzi umeshatutoka mikononi. Programu inayolenga Android 16, ya mwaka 2025, ikifunguka kwenye skrini ambayo upande wake mfupi unafika dp 600 (dp ni kipimo cha skrini cha Android), mfumo unapuuza amri ya kufunga wima. Michezo imesamehewa, sisi wengine tunaruhusiwa kujitoa kwa muda, na ruhusa hiyo inakoma tukilenga API 37, yaani Android 17.

Mchangiaji, Mwanza

Simu za kukunja nazo zikifunguliwa?

Mwanzisha mada

Ndiyo, skrini yake ya ndani ikifika kipimo hicho. Na mtu huikunjua akiwa katikati ya orodha, kwa hiyo mahali alipofika pasipohifadhiwa ataona kosa lilelile. Kabla ya kujibu tena, ingia kwenye mipangilio ya wasanidi, washa ile inayoua aktiviti kila unapotoka, kisha shuka kwenye orodha yako, toka, rudi. Uniambie umekuta bidhaa ipi juu.