Naongoza watalii Bagamoyo, Kiingereza cha "hapo zamani" kinanigomea. Naomba ushauri

Chumvi ya Kaole
Habari za humu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Niko Bagamoyo, najifunza kazi ya kuongoza watalii. Mzunguko wetu ni Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, kanisa la Misheni, na mwenye nguvu zake anamalizia magofu ya Kaole. Historia ninayo, nimekulia humo humo. Kiingereza cha bei, njia na chakula kinanitosha. Balaa linaanza nikigusa mambo ya kale, na kazi yenyewe ni mambo ya kale tupu!

Juzi mama mmoja mtu mzima kutoka Uingereza alinisikiliza habari za Livingstone kwa upole mpaka mwisho, kisha akauliza kama maiti bado zinaletwa pale Misheni.

Nabandika maelezo yangu kama ninavyoyasema. Nirekebishieni, ila mniambie na sababu:

"In 1868 the priests come to Bagamoyo and build a mission. Livingstone has died in 1873 in Chitambo. His people bury the heart under a tree, and they bring the body here. They was walk for many months. Did you knew that?"

Nimeshapewa orodha ndefu ya vitenzi nikariri. Usiku vinakaa, asubuhi mbele ya wageni ulimi unajichagulia wenyewe. Natanguliza shukrani.

Nanga Mbili
Mkuu, huyo mama amekuelewa sawasawa 😂. "They bring the body here" kwa Mwingereza ni "huleta". Umemwambia Misheni hupokea maiti, naye akataka kujua utaratibu.

Mwalimu wa Jioni
Marahaba kijana.

Orodha iweke kando kwanza. Inafaa, lakini haitibu kinachokuuma. Tazama tunavyosimulia sisi: "Walizika moyo, wakaukausha mwili, wakaubeba, wakafika pwani." Tunaweka -li- mara moja pale mwanzo, halafu -ka- inashika kazi mpaka hadithi iishe. Msikilizaji hahitaji kukumbushwa kila hatua kwamba tuko zamani. Wewe unataja mwaka 1868, moyoni unaona -li- umeshaiweka, basi vitenzi vinavyofuata unavitoa vitupu. Kwetu ingepita. Kiingereza hakina -ka-, kwa hiyo kila abiria analipa nauli yake:

"They buried the heart, dried the body, carried it to the coast and reached Bagamoyo in February 1874."

Hesabu vitenzi humo, vyote vimelipa. Hata ungesimulia safari nzima kutoka Chitambo, ambako leo ni Zambia, usingepata hata kimoja cha kupanda bure. Jizoeze hivi: simulia kwanza kwa Kiswahili, polepole, na kila unapojisikia unatamka -ka-, jua hapo Kiingereza kinadai umbo la wakati uliopita.

Sasa "has died in 1873". Hiyo ni -me- yetu imevuka mpaka. Sisi tunasema "amefariki jana" na hakuna anayeshtuka. Wao wakishataja wakati uliokwisha, kama mwaka 1873, jana, wiki iliyopita au "ten years ago", hiyo "has" haikubaliki tena. Sema "Livingstone died in 1873." Lakini Misheni ipo mpaka leo, kwa hiyo "The mission has been here since 1868" ni sahihi, kwa sababu jambo halijakatika. Ukitaka kusema ilianzishwa lini, unarudi kule kule: "The priests founded it in 1868."

"They was walk" ni kosa la wengi, nalo lina mantiki yake. Mwanafunzi anaiona "was" anadhani ndiyo -li-, anaipachika kila mahali. "Was" ni "alikuwa", basi. Wa kutembea ana "walked" yake. Na hata pale unapoihitaji, "they" inachukua "were".

La mwisho, "Did you knew". "Did" ikishatokea, imebeba wakati wote peke yake. Kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: "Did you know?", "They did not leave him there." Wageni wataendelea kukuuliza "Where did they bury him?", nawe ukijibu "They did buried him in London" unakuwa umelipa mara mbili. Jibu "They buried him in Westminster Abbey." Ila ikiwa swali ni la "was" au "were", hakuna "did" hapo: "Was the church already here?"

Binti Magomeni
Mwalimu shikamoo. Kwa -ka- nimekuvulia ushungi, ila kwenye orodha nakataa. Akishajua kwamba kila kitenzi kilipe, halafu hajui nauli ya kila kimoja, si atasema "buyed" na "bringed"?

Kaka Chumvi, hiyo orodha ndefu achana nayo, wewe huhitaji "swim" wala "sew". Chukua hadithi yako, ng'oa vitenzi vilivyomo, shika hivyo tu: came, built, left, took, began, became, fought, sold. Ni vichache kuliko unavyofikiri, kwa sababu hadithi ya Bagamoyo ni moja, unairudia kila siku.

Halafu kuna mawili hayo yatakuaibisha ukizembea: "bought" na "brought". La kwanza ni la kununua, la pili la kuleta, tofauti ni r moja. Mji wetu huu, pembe na watu walikuwa wakiletwa kutoka bara na wakinunuliwa. Ukisema "They bought Livingstone's body to Bagamoyo", mgeni atauliza bei. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu, mtu na sare yake ya kazi.

Nanga Mbili
Bei 😂😂

Mjukuu wa Pangani
Salamu kutoka Tanga. Mimi nitagusa matamshi tu, maana hapo ndipo tunapojulikana. "Walked" tunaisema "wokedi", silabi ya ziada imetoka wapi sijui. Hiyo "-ed" inakuwa silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: landed, visited, wanted. Kwingine inamezwa. "Walked" inaishia na t kavu, "carried" inaishia na d, hakuna cha "kariedi". Kwa mtu wa pwani ni kazi, sisi kila neno tunalifunga na irabu. Jirekodi kwenye simu usikilize.

Na usisahau vile visivyobadilika kwa macho. Jacob Wainwright, mmoja wa wale watu wa Livingstone, ndiye aliyesoma sala wakati wanauzika ule moyo. Utaandika "Jacob Wainwright read the prayers", lakini ukitamka, sema kama rangi nyekundu, "red".

Ukifika kwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, tafadhali mtendee haki. Wajerumani walimnyonga kwetu Pangani, Desemba 1889. Kwa kunyonga mtu wanasema "hanged". "Hung" ni ya picha na nguo.

Chumvi ya Kaole
Jamani asanteni. Mwalimu, habari ya nauli imeniingia.

Naongeza maswali mawili. Kwanza, nilimwambia mgeni "My grandfather was a fisherman", uso ukambadilika, akanipa pole. Babu yuko hai, yuko barazani anacheza bao! Pili, mgeni mwingine, tumesimama pale Boma, akasema "It's time we went." Tulikuwa hatujaenda popote. Sasa hiyo zamani ni ya nini?

Mwalimu wa Jioni
La babu: hukukosea sarufi. Kwao wakati uliopita hufunga mlango, na asiyemjua babu yako hawezi kujua kilichofungwa ni kazi au uhai. Sema "He used to be a fisherman" na uongeze kwamba sasa amepumzika. Angalia hilo hilo kwenye ziara. "Bagamoyo was the capital of German East Africa" ni sawa kabisa, maana mwaka 1891 makao yalihamishiwa Dar es Salaam. "Kaole was a trading town" ni sawa, yamebaki magofu. Lakini "Bagamoyo was a town by the sea" itamfanya mgeni ajiulize bahari imekwenda wapi.

La pili: hapo umbo ni la zamani, maana si ya zamani. Baada ya "it's time we" ndivyo wanavyosema, maana yake tungekuwa tumeshaondoka. Wanafanya vile vile kwenye "If I had money", na hizo pesa si za jana, ni za sasa ambazo hawana. Kwa sasa ielewe tu ukiisikia, usihangaike kuitumia.

Binti Magomeni
Na ukitaka kuwauliza wageni kama wamewahi kufika Kaole, uliza "Have you been to Kaole?" Wakijibu ndiyo, ndipo ugeuze: "When did you go?" Hiyo ya kwanza haitaji siku, ya pili inadai siku. Pale hotelini nayatumia haya mawili kutwa, mgeni anaona unazungumza naye, si unamsomea.

Chumvi ya Kaole
Nimerudia yote. Semeni:

"In 1868 the priests came to Bagamoyo and built a mission. Livingstone died in 1873 in Chitambo. His people buried the heart under a tree, dried the body and brought it here in February 1874. It taked them about nine months. Did you know that?"

Binti Magomeni
"Took". Mengine yote yamelipa.