Nyasi ya pamba kutoka Uskoti: je, yasokoteka?

Mkaa Shela:
Asalaam aleikum. Shangazi yangu amerudi Lamu kutoka Uskoti na furushi la vishada vyeupe, laini mno, alivyovichuma mwezi wa Juni kwenye kinamasi. Wenyeji wa huko huuita mmea huo nyasi ya pamba, na jina lake la kitaalamu ni Eriophorum angustifolium. Nilijaribu kuvisokota juu ya paja, lakini uzi ulikatika kabla haujatimia shubiri. Je, ninakosea? Na mbegu zake zaweza kuota katika kidimbwi cha nyuma ya nyumba, kinachojaa wakati wa masika?

Mkulima wa Hindi:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hukosei. Mmea huo si nyasi wala si pamba, bali ni wa jamaa moja na mafunjo na ndago, hizi hizi zinazotutoa jasho shambani. Ukipata bua lake, lizungushe kati ya vidole karibu na ncha, nawe utahisi pembe tatu. Weupe uuonao ni nywele zinazoota kuzunguka tunda ili upepo uichukue mbegu. Unyuzi wa pamba hujipinda wenyewe unapokauka, na kwa hiyo nyuzi hushikana zikisokotwa, ilhali nywele hizi ni fupi na hukatika upesi.

Kuhusu kupanda, usijisumbue. Mmea huo huishi penye baridi, katika udongo wenye asidi uliolowa daima, ambamo mabaki ya mimea hulimbikana bila kuoza vizuri kwa kukosa hewa, na mizizi yake huvuta hewa kupitia mianya iliyomo ndani ya mmea wenyewe. Shela ni mchanga na mawe ya matumbawe yenye chokaa, na kidimbwi chako hukauka. Isitoshe, ndago tulizo nazo zatutosha.

Fundi wa Mito, Langoni:
Usivitupe, mwanangu. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walivijazia mito na kutengenezea tambi za mishumaa, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza huko Uskoti vilitumika kufungia vidonda. Ng'oa vibua vyote, uvianike kivulini, kisha uvitie ndani ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, la sivyo vitapenya na kuruka chumba kizima kama sufi.

Mkaa Shela:
Ahsanteni sana. Nimevijaribu katika foronya, havikufika hata nusu, nitaongezea sufi.