Mtoto ana uvimbe katikati ya shingo, tuanze na altrasaundi au CT?

mama_wawili
Habari za jioni wadau, naomba mawazo yenu. Binti yangu ana miaka minne, ana kauvimbe katikati ya shingo chini ya kidevu, kalaini, hakaumi, ila juzi alipopata mafua kakavimba kakawa kekundu, akapewa antibayotiki kakapungua lakini hakajaisha. Bibi yake anasema ni goita. Hospitali wanadhani ni uvimbe wa kuzaliwa nao wameandika altrasaundi, shemeji ananiambia nisipoteze hela niende CT (zile picha za eksirei za kompyuta) moja kwa moja ndo inaona kila kitu. Nimuamini nani?

fundi_picha
Pole dada. Mimi kazi yangu ni kupiga altrasaundi, fuata walichoandika hospitali. CT ina mionzi na thairoidi ya mtoto (tezi ya mbele ya shingo inayotengeneza homoni) inadhurika kirahisi, halafu asipotulia itabidi alazwe kwa dawa ya usingizi. Maelezo yako yanafanana na sisti (kifuko cha majimaji) ya thairoglosali. Mtoto akiwa tumboni thairoidi inaanzia kwenye shina la ulimi inashuka mpaka shingoni, ile njia inatakiwa ipotee, isipopotea yote kinachobaki kinajaa majimaji. Mwambie atoe ulimi nje uone kama kinapanda. Na ripoti ikisema maji ya ndani yana ukunguukungu usishtuke, sisti hizi ziko hivyo mara nyingi hata bila usaha.

Kubwa kuliko yote, muombe anayepima aitafute thairoidi yenyewe na aandike kwenye ripoti kama ipo mahali pake. Wapo watoto wachache ambao huo uvimbe ndiyo thairoidi pekee waliyo nayo, ilikwama njiani, ukiukata umemuachia vidonge vya homoni maisha yake yote!!

baba_k
Na msikubali kupasua usaha tu mkaona imeisha. Wa kwangu alipasuliwa ikarudi, mwishowe bingwa akafanya operesheni ya Sistrunk, wanatoa sisti pamoja na kipande cha kati cha mfupa wa haioidi (mfupa mdogo ulio juu ya koo, chini ya ulimi) maana njia inapita hapohapo.

mzee_kijana
Naingilia kidogo, mimi nina miaka 47, uvimbe uko pembeni ya shingo chini ya taya, altrasaundi imesema una maji, nimeambiwa ni wa kuzaliwa nao niache tu.

dkt_koo
Kaka usiache. Sisti za pembeni za kuzaliwa zipo, ila nyingi hujitokeza utotoni au ujanani. Ukishapita miaka 40, tezi ya limfu iliyojaa maji inaweza kuwa saratani iliyotoka kwenye tonsili, shina la ulimi au thairoidi, na kwenye picha zinafanana kabisa. TB nayo inaweza kufanya hivyo. Unahitaji kuchukuliwa sampuli kwa sindano, CT yenye dawa ya mshipani, na koo lako liangaliwe vizuri. Wiki hii hii, tafadhali.

mama_wawili
Asanteni sana jamani. Nimemwambia atoe ulimi na kweli kanapanda. Sasa wakikuta thairoidi haipo mahali pake inakuwaje?

fundi_picha
Hapo hakuna kukata kwanza. Watampima homoni za thairoidi kwenye damu, na wanaweza kumfanyia skani ya nyuklia (picha inayopigwa baada ya kupewa dawa yenye mionzi kidogo) ione thairoidi iko wapi. Ikiwa ipo mahali pake, daktari wa upasuaji anaendelea na hiyo altrasaundi, kwa kawaida CT haihitajiki.